Barua ya wazi kwa waandaaji wa tamthilia ya Majimaji: turudishieni ile robo saa ya Mahenge

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kwa Mtayarishaji Mkuu na Dairekta,
Na kwa wote mnaohusika na tamthilia ya Vita vya Majimaji inayorushwa Jumapili usiku.

YAH: JINSI MLIVYOONYESHA MAPIGANO YA MAHENGE YA TAREHE 30 AGOSTI 1905

Ndugu viongozi, habari za kazi. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Hii barua sikutaka iwe ya wazi. Asubuhi yake baada ya ile episodi ya sita kurushwa niliandika imeli, sikujibiwa, nikaandika ya pili nikapata yale majibu ya mashine kwamba maoni yangu ni muhimu na yatafanyiwa kazi, nikapiga simu mara tatu na kila nikipiga naambiwa mhusika yuko lokesheni, mwisho nikaja mwenyewe hapo ofisini na karatasi zangu mkononi nikakaa mapokezi kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana. Dada wa mapokezi alinihurumia, akanipa maji ya kunywa, akachukua bahasha akasema ataifikisha. Leo ni wiki ya tano. Na wiki mbili zijazo mmetangaza kwamba mnarusha episodi ya Songea, ya wale walionyongwa, ndo maana nimeona nisisubiri tena, maana hiyo ya Mahenge imeshapita lakini ya Songea bado iko mikononi mwenu.

Alafu mjue hii haiandikwi na mtu anayewatafutia makosa. Mimi tamthilia yenu naipenda. Toka naangalia tivii sijawahi kuona mtu anachukua vita vya babu zetu anavipa jioni nzima ya Jumapili, na episodi za mwanzo mlizifanya vizuri sana. Lile shamba la pamba la akida, yule msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, watu wamepanga mstari kupokea malipo ya msimu mzima ya senti 35 na yule mzee anazikataa, anazirudisha mezani bila kusema neno, ile nilirudia kuiangalia mara nne. Kunyongwa kwa Kinjikitile, yule mganga aliyegawa maji ya dawa ya kuzuia risasi, pale Mohoro mlikuonyesha kwa ukimya, hamkuweka muziki, hamkuonyesha uso, ilituuma wote pale nyumbani vile inavyotakiwa kuuma. Kwa hiyo uwezo mnao. Ndo maana ya Mahenge imenishinda kumeza.

Niwaambie ilivyokua. Tulikua sebuleni, mama yangu, mimi, dada yangu na watoto. Sisi kwetu ni Mahenge, Wapogoro, mama amezaliwa kule, na jina la mtu wa ukoo wetu aliyekufa siku ile kwenye vita linatajwa mpaka leo kwenye matambiko ya ukoo, kwa hiyo hiyo episodi tuliisubiri kama watu wanaosubiri mgeni. Ilipofika sehemu ya mapigano watoto wakaanza kucheka. Sio kwamba hawana adabu, walicheka kwa sababu mlichowaonyesha kilikua kinachekesha: watu wanateremka mlimani wanapiga kelele hovyo, mmoja anajikwaa, mmoja anajimwagia maji kichwani anafungua kifua anasubiri risasi huku anatabasamu, paf, anaanguka. Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa, akageuka akamuuliza mama, "Bibi, kwani hawa walikua hawajui kama risasi inaua?" Mama hakujibu. Alinyanyuka akaenda chumbani na hakurudi kumalizia.

Hilo swali la mtoto ndo limenifanya nikae niandike. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmetunyang'anya robo saa.

Mapigano ya Mahenge kwenye episodi yenu yamechukua dakika nne, nimepima, na ndani ya hizo dakika nne hakuna hata sehemu moja wanaokuja wanaonekana wamejipanga. Ni genge la watu. Sasa nani aliyewaambia kwamba walikuja kama genge? Maana watu waliokua upande wa pili wameandika walichokiona. Kulikua na wamisionari ndani ya boma, ile ngome ya Wajerumani, siku ile, na hawakua marafiki wa waliokua wanakuja, walishika bunduki na wenyewe wakapiga na wamesema wazi kwamba walipiga. Na wao ndo wanaosimulia kwamba risasi zilianza kufyatuliwa wakati wale watu bado wako mbali kama mita elfu moja, bombomu mbili (bunduki za rashasha), Wazungu na askari wote wanapiga kwa pamoja, na zile safu zikawa zinapungua huku wao wanaziona, na waliobaki wakaendelea kuja kwa mpangilio kwa kama robo saa nzima kabla safu hazijavunjika wakaanza kujificha nyuma ya mawe.

Robo saa. Naomba kila mmoja wenu aliyepitisha hiyo episodi aweke simu mezani ahesabu dakika kumi na tano akiwa amekaa tu kwenye kiti chake, aone ni ndefu kiasi gani. Alafu afikirie anatembea, wa kulia kwake ameanguka, wa kushoto ameanguka, anasogea kuziba nafasi ya mwenzake na anaendelea kutembea kwenda kule kule risasi zinakotoka. Hicho kitu adui mwenyewe alikiona akakiandika. Sisi, miaka mia na ishirini baadae, kwenye tivii yetu, kwa lugha yetu, tumekifuta.

Na hawakuja mara moja tu. Wakati wa kwanza wameshavunjwa, likatokea kundi la pili upande wa mlima, moshi unapanda nyuma yao kutoka kwenye shule tatu za misheni walizozichoma, watu wasiopungua 1,200, wakakimbilia kijijini ambako nyumba ziliwakinga kidogo, wakatokeza barabarani wakapanda kuelekea boma. Wa kwanza wao walianguka wakiwa wamebakiza hatua tatu kufika kwenye mstari wa wapigaji. Hatua tatu jamani. Hapo mtu anaona rangi ya macho ya anayempiga. Mnatafuta tukio la kufunga episodi, mnatafuta picha ambayo mtu hataisahau, na ilikua imekaa hapo inawasubiri, hamkuitumia.

Badala yake kamera yote mmempa kapteni. Dakika nne, na zaidi ya mbili ni uso wa kapteni kule juu ya mnara, jasho linamtoka, mkono unatetemeka, muziki wa huzuni unampigia yeye, mwisho anateremka anafumba macho kama mtu aliyeumizwa na alichokifanya. Yule mkuu wa boma wa kweli, von Hassel, wale wale wamisionari wanasema alipoona hakuna adui tena alishuka kutoka kwenye mnara akagawa shampeni. Sina shida na mwigizaji, kaigiza vizuri sana. Ila mmeitoa shampeni mkononi mwa mtu mkampa machozi, alafu wale walioanguka hatua tatu mbele yake mkawapa kichekesho.

Na vita havikuisha siku ile kama mlivyoonyesha. Boma lilizingirwa, waliokua ndani wakakaa humo mpaka kikosi kilipokuja kutoka Iringa mwezi uliofuata. Watu waliopigwa vile, waliozika wenzao, hawakurudi nyumbani, walibaki palepale wamelizunguka boma. Hilo nalo halimo.

2. Maji mmeyafanya ujinga.

Najua hapa ni pagumu na sitaki mniwekee maneno mdomoni. Maji hayakuzuia risasi, wala siwaombi muonyeshe kwamba yalizuia. Ninachosema ni kwamba mtu akiangalia episodi ya sita peke yake anaondoka na hitimisho moja, kwamba hawa watu walikufa kwa sababu ya kuamini upuuzi. Wakati episodi yenu wenyewe ya pili na ya tatu zimeonyesha viboko, kodi ya rupia tatu, pamba ya kulazimishwa, maakida, yaani mlishatueleza kwanini, alafu ilipofika siku ya kufa mkasahau yote mkabaki na kibuyu cha maji.

Maji ndo yalikua yanawaunganisha. Kabla ya hapo Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro, Mmbunga, Mngoni, kila mmoja alikua na mambo yake na wengine walikua na visa vyao vya zamani baina yao, Mngoni na majirani zake sitaki hata kuanza. Lakini hongo, yaani mjumbe wa kugawa maji, akija kijijini na dawa, maji yenye mtama na mahindi, watu wakanywa, wakapakwa, wakafundishwa, wakitoka hapo ni ndugu wa vita moja. Walianza kwa kung'oa pamba kule Nandete mwezi wa saba 1905, na kufikia mwezi wa nane boma la Liwale lilikua limeshaanguka. Weka hilo akilini. Mtu wa Mahenge mwisho wa Agosti alikua ameshasikia kwamba boma la Mjerumani linaweza kuanguka, na limeshaanguka kweli. Ana mkuki, ana upinde, akibahatika ana gobole. Alikua anajua risasi inaua, kila mtu alikua anajua, Wahehe walikua wameshapigana na hao hao Wajerumani miaka michache tu nyuma na habari zake kila mtu anazo. Kwa hiyo jibu la yule mtoto ni kwamba ndio, walijua, na walikuja.

Muonyesheni mtu mmoja tu akiogopa! Mmoja tu, usiku wa kuamkia siku ile, anakunywa dawa na mkono wake unatetemeka kama mlivyompa kapteni mkono unaotetemeka. Hapo mngekua mmeshatuambia kila kitu.

Kwa haki niseme pia kwamba sitaki mtufanye wote malaika. Kiwanga, chifu wa Wabena, alisimama na Wajerumani na watu wake, na mlipomuonyesha hivo mlifanya sahihi, na wale askari ndani ya boma wengi wao walikua weusi kama sisi, Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Waonyesheni hao, na wao walikua watu. Lakini kama askari anapata jina na mke na kumbukumbu ya kwao, na kapteni anapata, basi na anayekuja na mkuki apate.

3. Mmekata kabla ya njaa.

Hili ndo linaloniuma kuliko yote.

Episodi imeisha hivi: miili iko chini, skrini nyeusi, maandishi kwamba vita viliendelea mpaka 1907, alafu majina ya waigizaji yanapita na wimbo wa kuchezeka. Basi. Na msimu mzima, kwa mlivyotangaza wenyewe, unaishia Songea kwenye vitanzi. Maana yake njaa haimo kabisa.

Vita vya Majimaji viliua wengi kwa risasi ila viliua wengi zaidi kwa njaa, na njaa hiyo haikutoka mbinguni. Wajerumani walipoona watu wameacha kuja mbele ya bunduki na wameanza kuvizia porini, uamuzi ulikua kuchoma: maghala, mashamba, vijiji, kuchukua mifugo, kuchukua mbegu. Kapteni Wangenheim aliandika kabisa kwamba kwa maoni yake ni njaa na dhiki tu ndo zitakazowafanya watu wasalimu amri, na gavana alikua Götzen na chini yake ndo hivo ilivyofanyika. Serikali yao wenyewe ilikadiria wamekufa watu 75,000, wanahistoria wa kwetu waliokuja kukaa na wazee wakahesabu wamefika 250,000 mpaka 300,000. Upande wa pili walikufa Wazungu 15 na askari weusi 389. Sehemu kubwa ya nchi ya Wangindo iligeuka pori na leo ni hifadhi ya wanyama, watalii wanapiga picha za tembo mahali palipokua na mashamba ya watu.

Sasa niwaambie njaa ilivyokaa nyumbani kwetu. Bibi mzaa mama alifariki mimi nikiwa sekondari. Alikua na tabia moja ambayo tukiwa wadogo tulikua tunaiona ya ajabu. Akimaliza kupepeta mtama anaweka ungo chini, analowesha kidole mdomoni, anaokota punje moja moja zilizoanguka kwenye udongo, moja, nyingine, nyingine, anaziweka kwenye kiganja cha mkono wa kushoto mpaka ziishe zote ndo anaruhusu mtu afagie. Ukifagia kabla hajaokota anakuchapa, na alikua sio mtu wa kuchapa. Alifundishwa na mama yake, na mama yake mwaka ule wa vita alikua msichana mdogo, wamejificha msituni na watu wa kijiji. Mama yao alikua na mtama wa mbegu umefungwa kwenye pindo la nguo, kiasi cha ngumi moja. Walikua wanakula mizizi. Mdogo wao wa mwisho alikua analilia ule mtama kwa sababu alikua anaujua uko pale, anaushika kwa nje ya nguo. Mama yao hakuufungua. Yule mtoto akafa na mtama upo. Mvua ziliponyesha wakaupanda, na ndo sisi tuliopo.

Bibi alikua akisimulia hivi haongezi neno. Hasemi mama yake alikosea wala hasemi alipatia. Anarudi kuokota punje zake.

Kila familia ya kule kusini ina mtama wake kwenye pindo. Nendeni Mahenge, nendeni Liwale, nendeni Umatumbi, nendeni Songea, kaeni na mtu yoyote mwenye umri, sio lazima awe mwanahistoria. Hiyo ndo hasara ya vita hivi, haikuishia pale mbele ya boma siku ile, iliendelea miaka na miaka, na nyie mmeikata kwa skrini nyeusi na wimbo.

4. Wanawake na wazee.

Hapa sitaandika sana maana litajieleza. Wanawake kwenye episodi sita wanalia na wanapika. Kwenye orodha ya walionyongwa Songea yumo mwanamke, Nduna (kiongozi wa Kingoni) Mkomanile wa Kitanda, na yeye ndo mmoja wa waliowafungulia mlango Wangoni wakaingia kwenye vita. Kwenye tangazo la episodi inayokuja nimeangalia sura zote za wanaofungwa kamba, ni wanaume watupu. Kama yumo na mmemficha ili atushtue, nitafurahi sana na nitaomba radhi hapa hapa hadharani.

Wazee mliowahoji kule kijijini kabla ya kuandika skripti (najua mliwahoji, mmoja ni jirani yetu kule nyumbani na mlimpiga na picha) majina yao hayapo popote mwishoni. Jina la aliyeleta chakula lokesheni lipo.

5. Matangazo ya biashara.

Katikati ya watu kufa mmekata mkaweka tangazo, na tulivyorudi mkaanzia palepale mtu alipokua anaanguka. Sitaji tangazo la nini. Nawaomba tu kwa heshima ya wale 67 walionyongwa, ile episodi ya Songea wanapotolewa mpaka wanaposhushwa, msikate.

Sasa najua mtakachosema, maana baadhi nimeshajibiwa na kijana mmoja wa kwenu kwa meseji, kwa upole kabisa, na namshukuru.

Kwamba hii ni tamthilia, sio somo la historia. Sawa, na mimi sikuwaomba somo. Mnaweza kubuni mtu, mnaweza kubuni mapenzi, mnaweza kumpa yule hongo mtoto ambaye hakuwahi kuwa naye, hakuna atakayewashika. Lakini mwanzo wa kila episodi mnaandika kwa herufi kubwa kwamba inatokana na matukio ya kweli, na tarehe mnaweka, na Mahenge mnaitaja kwa jina. Ukishamtaja marehemu kwa jina mbele ya watoto wake huwezi tena kusema nilikua natunga tu.

Kwamba bajeti haikutosha. Hili nalielewa kuliko mnavyodhani, najua gharama ya kuvalisha watu mia mbili, kuwalisha, kuwasafirisha. Lakini mpangilio una gharama gani? Wale wale watu mliowalipa wakimbie hovyo mngewaambia wasimame mstari watembee. Ni gharama ile ile, tena kutembea kunachosha kidogo kuliko kukimbia. Na njaa ndo rahisi kuliko vyote, inahitaji mwanamke mmoja, mtoto mmoja, na fundo kwenye nguo.

Kwamba watazamaji hasa vijana wanataka aksheni na hawapendi huzuni ndefu. Nani kawauliza? Mimi niliona watu walivyoishare ile klipu ya mzee anayerudisha senti 35 mezani, hakuna risasi hata moja mle ndani, mtu anasukuma hela tu kwa kidole.

Kwamba mdhamini ana masharti. Basi mumwambie mdhamini kuna watu wanaandika barua kama hizi, labda itawasaidia kwenye mazungumzo.

Ninachoomba ni hiki, na nimejitahidi kisiwe kikubwa.

Kwanza, kabla episodi ya sita haijarudiwa kwenye marudio wala kuwekwa kwenye intaneti moja kwa moja, ikatwe upya. Picha mnazo, mlipiga siku tatu kwa mlivyosema wenyewe kwenye mahojiano, haiwezekani hamna hata sehemu moja ambayo watu wanatembea. Mpunguzieni kapteni, muwape wanaokuja. Na yule mtu wa kibuyu anayetabasamu mtoeni.

Pili, kabla ya msimu kuisha iongezwe episodi moja ya njaa, hata ikiwa fupi, hata ikiwa nusu saa. Mwaka 1906 na 1907, baada ya vitanzi, watu waliobaki. Kama skripti imeshafungwa, ifunguliwe. Mtama wa mama yake bibi nawapa bure, mama ameridhia, mradi msibadilishe kwamba hakuufungua.

Tatu, Songea. Mkomanile awepo na ajulikane ni nani. Nduna Songea Mbano muonyesheni kwa adabu, maana familia yake mpaka leo inakitafuta kichwa chake kilichopelekwa Ujerumani, Rais wa Ujerumani Steinmeier mwenyewe alikwenda Songea mwezi wa kumi na moja 2023 akasimama mbele ya familia akaomba msamaha, kwa hiyo hii sio hadithi iliyokwisha, kuna watu wanasubiri kuzika. Na mwisho wa episodi badala ya wimbo pitisheni majina ya wale 67 waliokufa Februari ile ya 1906, polepole, mtu aweze kusoma. Majina yapo pale makumbusho ya Majimaji Songea, kila tarehe 27 Februari watu wanakusanyika pale, mnaweza kwenda kuyachukua kesho.

Nne, majina ya wazee waliowapa habari yaingie mwishoni kuanzia episodi ijayo.

Tano, mnijibu. Sio mashine. Mtu.

Nakala ya hii barua nimeipeleka tena pale mapokezi kwa yule dada, pamoja na karatasi mbili zenye maelezo ya ule mpangilio wa Mahenge, ili asiwepo wa kusema hakuyapata. Niko tayari kuja kukaa na waandishi wenu wa skripti siku yoyote bila malipo, na mama amesema kama ni kwa ajili ya kusimulia na yeye atakuja, japo magoti yanamsumbua na ngazi zenu ni nyingi.

Jumapili ya Songea tutakua sebuleni kama kawaida. Nilimuuliza mama kama ataangalia, akasema ataangalia ikiwa yule mtoto atakaa karibu yake, amuelekeze.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mtazamaji wenu, mjukuu wa Mahenge.